Mieleka kwa watoto wadogo: kuondoa damu pekee hakutoshi

Mwezi Agosti 2012, kituo cha runinga cha The CW nchini Marekani kilianza kuonyesha kipindi kipya kila Jumamosi asubuhi, saa ambazo watoto wa huko wamezoea kutazama katuni. Kipindi hicho kiliitwa WWE Saturday Morning Slam. Kilikuwa cha nusu saa. Kilitengenezwa na kampuni ya WWE, hiyo hiyo ambayo mieleka yake inatazamwa hapa kwetu kuanzia Lamu hadi Vanga, na wanamieleka wake ni wale wale ambao watoto wanawajua kwa majina. Lakini kulikuwa na sharti moja ambalo halikuwapo katika vipindi vya kawaida: hakuna pigo, kabari wala mwangusho wowote unaolenga kichwa au shingo.

Sharti hilo linastahili kufikiriwa na kila mzazi na mlezi wa Pwani. Waliolikubali hawakuwa walimu wa chekechea wala wanaharakati wa haki za watoto. Walikuwa watu wa biashara ya mieleka, wanaoujua mchezo wao kutoka ndani. Walipotakiwa kuwatengenezea watoto wadogo toleo lao, walikubali kuacha sehemu inayopigiwa makofi zaidi, kwa sababu walijua shingo ndipo mchezo huu unapoumiza.

Makala hii inaeleza mieleka ya runinga inavyoendeshwa, jinsi ilivyogeuzwa mara kadhaa ili iwafae watoto, na kwa nini kwa mtoto wa hapa kwetu kazi hiyo imebaki mikononi mwa mtu mzima aliyeshika rimoti.

Tunachokiona na tusichokiona

Mieleka si mgeni kwetu. Neno lenyewe ni letu, na mchezo wa kushikana na kubwagana chini watu waliujua kabla runinga haijafika. Watu wawili wanashikana, mmoja anapigwa mwereka, mchezo umekwisha. Mieleka ya Olimpiki ni jamaa wa mchezo huo, ina alama na waamuzi, na mshindi hajulikani mpaka mwisho.

Mieleka ya kulipwa inayoonyeshwa kwenye runinga ni kitu kingine. Mshindi amepangwa kabla ya kengele kulia. Ni tamthilia inayochezwa na watu wenye miili ya wanariadha, na kama ilivyo katika sinema, kuna mwema na mbaya. Watoto wetu hawahitaji kufundishwa hilo: wanawaita steringi na adui.

Hata hivyo, kupangwa kwa matokeo hakuondoi uzito wa mwili wala ugumu wa sakafu. Ulingo umetengenezwa kwa mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa sponji nyembamba na turubai. Unanepa kidogo mtu akianguka, na unatoa kishindo kikubwa kuliko anguko lenyewe. Mwanamieleka hujifunza kuanguka kwa muda mrefu kabla hajaruhusiwa kupanda mbele ya watu. Hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, huangukia mgongo wa juu wote kwa pamoja, na hupiga sakafu kwa mikono ili uzito usambae. Anayenyanyuliwa juu huruka mwenyewe na kujikaza kumsaidia anayemnyanyua. Wakiwa wamekumbatiana kama wanaokabana, mara nyingi wananong'onezana kuhusu kitakachofuata. Refa naye ana kazi ambayo mtazamaji haioni: hupeleka ujumbe, huuliza kama mtu yuko salama, na akivusha mikono yake juu ya kichwa kwa umbo la X, watu wa nyuma ya pazia wanajua kuna aliyeumia kweli.

Kwa maneno mengine, kinachoonekana kama ugomvi ni ushirikiano. Kila mmoja amekabidhi mwili wake kwa mwenzake. Mtoto haoni ushirikiano huo kwa sababu ustadi wote wa mchezo ni kuuficha.

Na hata ushirikiano huo wa watu wazima waliofunzwa huteleza. Agosti 1997, katika onyesho la SummerSlam, Owen Hart alimgeuza Steve Austin kichwa chini na kuketi naye kwa nguvu. Kichwa cha Austin kilitangulia, shingo ikaumia, na kwa muda akashindwa kusogeza mwili. Alirudi ulingoni, lakini majeraha ya shingo yalimfuata mpaka akastaafu mwaka 2003. Oktoba 1999 mwanamieleka mwingine wa kampuni hiyo, Darren Drozdov, aliangushwa vibaya wakati kipindi kikirekodiwa, akapooza kuanzia shingoni. Aliishi katika hali hiyo mpaka alipofariki mwaka 2023. Wote walikuwa wanaume wazima wenye misuli, na waliowaangusha hawakukusudia kuwadhuru. Kampuni yenyewe baadaye iliwakataza wengi wa wanamieleka wake mbinu ile iliyomuumiza Austin.

Mtoto mdogo si mtazamaji mdogo tu

Wengi tunafikiri mtoto anaona tunachoona sisi, ila kwa macho madogo. Sivyo. Kuna tofauti tatu zinazofanya mieleka iwe kitu kingine kabisa mbele yake.

Ya kwanza ni mwili. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo inayokibeba haijakomaa. Akigeuzwa juu chini, kichwa ndicho kinachotangulia. Mwenzake wa miaka saba aliyembeba hana nguvu ya kumzuia asiporomoke, na hakuna aliyewafundisha wote wawili kukunja kidevu.

Ya pili ni akili. Mtoto wa miaka minne au mitano bado hajaweza kutenganisha vizuri kilicho kweli na kilichoigizwa, hasa pale waigizaji wanapokuwa watu wa kweli, wenye jasho la kweli, mbele ya umati unaopiga kelele. Mwanamieleka akipigwa dakika kumi kisha akainuka na kutembea, mtoto anajifunza kwamba mwili wa mtu unarudi kama mpira.

Ya tatu ni kuiga. Mwaka 1961, mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura na wenzake walifanya jaribio na watoto 72 wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa: kumkalia, kumpiga nyundo, kumrusha juu. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi wao waliiga, wakirudia hata maneno yaliyotamkwa. Mwaka 1963 walirudia jaribio kwa filamu, na kwa mtu aliyevalishwa kama kiumbe wa katuni. Watoto waliiga vile vile.

Jaribio la 1965 ndilo linalotuhusu zaidi. Safari hii filamu ilikuwa na miisho tofauti: katika mmoja, mpigaji alituzwa, na katika mwingine aliadhibiwa. Watoto walioona akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini watafiti walipowaahidi zawadi wakionyesha kile walichokiona, tofauti hiyo ikatoweka. Wote walikuwa wamejifunza. Adhabu ilikuwa imewafanya waliweke tu ndani.

Wapo waliolikosoa jaribio hilo, na kwa haki. Mwanasesere ametengenezwa ili apigwe, na kumpiga si sawa na kumpiga ndugu yako. Lakini linatusaidia kuona udhaifu wa utetezi mmoja wa mieleka: kwamba adui hushindwa mwishoni, kwa hivyo mtoto anapata funzo jema. Huenda analipata. Pamoja nalo anapata pia mbinu zote alizozitumia adui kabla ya kushindwa.

Lawama na ushahidi

Nchini Indonesia, mieleka ya WWE ilikuwa ikionyeshwa na kituo cha Lativi na kupendwa sana na watoto. Mwezi Novemba 2006, mvulana wa miaka tisa alifariki mjini Bandung, na familia yake ikasema alikuwa amefanyiwa mieleka na wenzake waliomzidi umri. Habari za watoto wengine walioumia zikaanza kutajwa katika miji mbalimbali. Kabla ya mwezi huo kwisha, kituo hicho kiliacha kuonyesha kipindi hicho.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1999, mvulana wa miaka 12 huko Florida alimuua msichana wa miaka sita, na mawakili wake wakadai kwamba alikuwa akiiga mieleka. Januari 2001 baraza la mahakama lilimtia hatiani, bila kuridhika na hoja hiyo. Wakati huo shirika moja la kutetea watazamaji, Parents Television Council, lilikuwa likidai kwamba mieleka ya kampuni hiyo ilihusika na vifo vya watoto wanne. Kampuni ilishtaki. Mwaka 2002 shirika hilo liliomba radhi hadharani na kulipa dola milioni 3.5.

Nimeviweka visa hivi viwili pamoja kwa makusudi. Kuitupia runinga lawama ya kila mtoto aliyeumia ni rahisi kusema barazani na vigumu kuthibitisha mbele ya hakimu. Watoto walishikana na kuangushana kabla ya runinga na wataendelea. Lakini mzazi hangoji hukumu ya mahakama ndipo aziondoe kiberiti na mafuta ya taa karibu na mtoto. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na kwa upande wa shingo, usaha wenyewe hauna dawa.

Jinsi wenzetu walivyoigeuza

Kuna njia nne ambazo watengenezaji wametumia kuipeleka mieleka kwa watoto, na kila moja ina nguvu na kasoro yake.

Njia ya kwanza ni katuni. Mwaka 1985, mwaka ule ule wa WrestleMania ya kwanza, kituo cha CBS kilianza kuonyesha Hulk Hogan's Rock 'n' Wrestling. Wanamieleka waligeuzwa wahusika wa kuchorwa, na visa vyao vingi vilikuwa vya safari, vituko na mashindano ya kuchekesha nje ya ulingo. Katuni ina faida kubwa: hakuna mwili wa kweli unaoanguka, na hadithi inachukua nafasi ya mapigo.

Japani walikuwa wametangulia, tena kwa kina zaidi. Tiger Mask ilianza kama hadithi ya picha mwaka 1968, ikawa katuni ya runinga mwaka 1969. Shujaa wake ni yatima aliyekua na kuwa mwanamieleka mbaya mwenye kuogopwa, anayevaa kinyago cha chui milia. Anarudi kwenye kituo cha mayatima alikolelewa, na mtoto mmoja anamwambia kwamba akikua anataka awe mbaya kama Tiger Mask. Maneno hayo yanambadilisha. Anaamua kupigana kwa haki, ingawa uamuzi huo unamletea maadui. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, waandishi wa hadithi ya watoto walikuwa wameshaona kwamba anayetazama ataiga, na wakalifanya jambo hilo kuwa kiini cha kisa chenyewe. Hadithi hiyo ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1981 mwanamieleka wa kweli, Satoru Sayama, alipanda ulingoni akiwa amevaa kinyago hicho.

Kasoro ya katuni ni kwamba mtu mzima akiona michoro huamini ni ya watoto. Mwaka 2016 WWE ilitoa katuni iitwayo Camp WWE. Wanamieleka wamechorwa kama watoto walio kambini. Mzazi anayepita sebuleni ataona michoro ya rangi nzuri na kuendelea na kazi zake, kumbe ni katuni ya watu wazima, iliyojaa matusi na maneno machafu.

Njia ya pili ni kulainisha kipindi chote. Kati ya mwaka 2008, WWE iliteremsha kiwango cha vipindi vyake vikuu Marekani, kutoka kile cha watazamaji wa miaka 14 na zaidi hadi PG. Damu ya makusudi ikapungua, matusi yakapungua, na mwaka 2010 kumpiga mtu kichwani kwa kiti kukapigwa marufuku. John Cena, mwenye fulana za rangi kali na maneno ya bidii na heshima, akawa kipenzi cha watoto. Ametimiza ndoto za watoto wagonjwa zaidi ya 650 kupitia shirika la Make-A-Wish.

Mabadiliko hayo yalikuwa mema. Lakini PG maana yake ni kwamba mzazi anahitajika kuongoza. Haisemi kwamba kipindi ni cha mtoto wa miaka mitano. Mapigo ya kichwa kwa ngumi na teke yaliendelea, na watu waliendelea kurushwa kutoka juu ya kamba. Kilichoondolewa zaidi ni kile kinachomuudhi mzazi, yaani damu na matusi. Kile ambacho mtoto anaweza kukijaribu kitandani kwa dada yake kilibaki.

Njia ya tatu ni Saturday Morning Slam. Hapa ndipo hesabu ilipofanywa kutoka upande wa mtoto. Kiwango chake kilikuwa TV-G, kinachofaa watu wa rika zote. Badala ya saa mbili za ugomvi, kulikuwa na nusu saa yenye pambano na vipande vya kuwaeleza wanamieleka ni akina nani. Bila kichwa na shingo, wanamieleka walilazimika kutegemea vitu vingine: mbio, kuruka, kukwepa, mzaha, kuonyesha nguvu, na uso unaosema hadithi. Pambano likawa bado ni pambano. Kipindi kilikwisha Mei 2013, kabla ya kutimiza mwaka, lakini kilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Njia ya nne ni kuwaazima wanamieleka na kuwapeleka katika hadithi ambazo watoto tayari wanazipenda. Filamu ya Scooby-Doo! WrestleMania Mystery ya mwaka 2014 ni mfano mmoja, na mwaka uliofuata walikutanishwa na akina Flintstones. Humo mwanamieleka ni jitu lenye roho njema linalosaidia kutegua kitendawili, na ulingo ni mandhari tu.

Ukizitazama njia hizi pamoja, utaona kwamba zilizofanikiwa zaidi kwa watoto zilitegemea hadithi kuliko mapigo. Mtoto anapenda kuingia kwa shangwe, muziki, kinyago, mkanda unaong'aa, jina la kutisha, na mnyonge anayemshinda jitu. Kuvunjika kwa shingo hakumo katika orodha yake. Ni watu wazima wanaodhani kwamba bila hilo hakuna mchezo.

Hapa kwetu kuna nini

Kenya ina kinga zake. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, hutumia alama nne: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Kanuni za utangazaji za Mamlaka ya Mawasiliano zinazitaja saa za kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa muda ambao vituo vinapaswa kukumbuka kwamba watoto wanatazama.

Kinga hizo zilibuniwa kwa ajili ya runinga iliyo sebuleni. Mtoto wa leo wa Kisauni, Malindi au Ukunda mara nyingi anaiona mieleka kwenye simu ya mama au ya kaka, kwa vipande vya nusu dakika. Kipande hakina alama ya umri wala saa ya kutazamwa. Zaidi ya hayo, kipande hukatwa pale penye kishindo kikubwa: mtu anatupwa kutoka juu ya ngazi, mtu anagongeshwa kichwa. Ukikilinganisha na Slam, ni kinyume chake kabisa. Slam iliondoa shingo ikabakisha hadithi, na kipande cha simu kimeondoa hadithi kikabakisha shingo.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Mieleka hii hutangazwa kwa Kiingereza cha haraka. Mtangazaji ndiye anayemweleza mtazamaji nani ni mwema, kwa nini wamegombana, na nani anajifanya kuumia. Onyo la kutojaribu nyumbani nalo hutolewa kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka mitano ambaye lugha yake ni Kiswahili, Kigiriama au Kidigo hayasikii hayo. Kwake yeye sauti ni kelele tu, na kinachobaki ni picha za watu wazima wakipigana huku umati ukifurahi. Kwa hivyo, toleo linalomfikia mtoto wetu ni kali kuliko linalomfikia mwenzake wa Marekani, ingawa picha ni zile zile.

Mtu mzima ndiye mhariri

Wapo watakaosema dawa ni kuzima kabisa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, naungana nao kuhusu mieleka ya watu halisi. Katuni na filamu za kuazima zinamtosha. Kwa aliyezidi hapo, marufuku ya nyumbani kwako inaishia mlangoni. Ataiona kwa jirani, kwenye kibanda cha video au kwenye simu ya binamu, tena bila mtu wa kumweleza.

Wapo pia watakaosema sisi tulitazama na tumekua salama. Ni kweli kwa wengi wetu. Lakini tulitazama kwa saa maalumu, pambano zima, mara nyingi na watu wazima wakiwa pembeni wakicheka na kusema "hao wanaigiza." Sentensi hiyo moja ilikuwa kinga kuliko tulivyojua.

Kwa hivyo, ukitazama na mtoto, fanya kazi ya mtangazaji. Msimulie kwa lugha yake: huyu ameruka mwenyewe ili anyanyuliwe, ona alivyokunja kidevu, sikiliza sakafu inavyolia, hawa ni marafiki na wamefanya mazoezi pamoja. Hutamharibia raha. Watoto hupenda kujua siri ya mchezo wa kiinimacho, na baada ya hapo huutazama kwa makini zaidi.

Wakianza kucheza wenyewe, wape masharti machache wanayoweza kuyakumbuka. Kichwa na shingo haviguswi. Hakuna kumnyanyua mtu wala kumgeuza juu chini. Hakuna kuruka juu ya mwenzako kutoka kitandani, kwenye kochi au ukutani. Na mwenzako akisema basi, ni basi, hata kama anacheka. Wakitaka kushikana, washikane wakiwa wamepiga magoti kwenye mchanga wa ufuoni au kwenye mkeka mnene, wenye umri na uzito unaokaribiana, na mtu mzima akiwa karibu. Wasaidie pia kupata kile wanachokipenda zaidi: mkanda wa kadibodi, kinyago cha kitambaa, jina la ulingoni, na kaka mmoja wa kuwatangaza wakiingia.

Ikitokea mtoto ameangukia shingo na analalamika kwa maumivu ya hapo, ganzi, au udhaifu wa mkono au mguu, usimwinue wala kumkalisha. Mtulize, kichwa chake kibaki pale pale kilipo, na ita msaada wa hospitali. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akawa na usingizi usio wa kawaida, akachanganyikiwa au akazimia hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali mara moja akaonwe na daktari, hata akisema amepoa.

Mwisho, neno kwa vituo vyetu vya Pwani. DJ Afro amejulikana Kenya nzima kwa kusimulia filamu za nje kwa sauti yake na mzaha wake, na wengi hufuata sauti hiyo kuliko filamu yenyewe. Hiyo inaonyesha kwamba msimulizi anaweza kuigeuza picha bila kuibadilisha. Kipindi cha nusu saa cha mieleka ya watoto, chenye mapambano yaliyochaguliwa bila mapigo ya shingo, msimulizi wa Kiswahili anayewaambia watoto nani anaigiza nini, na dakika mbili za kocha wa mieleka au judo akiwaonyesha jinsi ya kuanguka salama, kinahitaji ruhusa ya mwenye picha na mtu mwenye ulimi mzuri. Wenye ulimi mzuri hapa Pwani hawajawahi kuadimika.